Mabadiliko ya jeni zinazozuia uvimbe na mwelekeo wa saratani ya ovari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wanawake wa Dar es Salaam na wanaokuja kutibiwa hapa kutoka mikoani, walioambiwa kwamba wana saratani ya ovari, pamoja na ndugu wanaowauguza, ambao wamerudi nyumbani na ripoti ya maabara yenye majina ya jeni kama TP53 au BRCA1 bila kupata muda wa kutosha wa kuelezwa yana maana gani. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari anayemfahamu mgonjwa. Yamekusudiwa kumsaidia mgonjwa aingie kwenye chumba cha daktari akijua cha kuuliza.

Jeni zinazozuia uvimbe ni jeni gani?

Kila seli ya mwili ina jeni zinazoiruhusu kukua na kugawanyika, na ina nyingine ambazo kazi yake ni kuisimamisha inapokosea. Hizi za pili ndizo jeni zinazozuia uvimbe. Kazi yake inafanana na ya msimamizi wa ujenzi anayewasimamisha mafundi pale nguzo inapoonekana ina ufa: yeye mwenyewe hajengi chochote, lakini asipokuwepo jengo huendelea kupanda juu ya kasoro. Baadhi ya jeni hizi huchelewesha mgawanyiko wa seli hadi iwe tayari, baadhi hukarabati DNA (kemikali inayobeba maelekezo ya jeni) iliyokatika, na baadhi huiamuru seli iliyoharibika kupita kiasi ijiue yenyewe.

Tuna nakala mbili za kila moja ya jeni hizi, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba, na kwa kawaida nakala moja nzima hutosha kuilinda seli. Mwaka 1971 mtafiti wa Marekani Alfred Knudson, akichunguza saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo, alipendekeza kwamba ugonjwa huanza pale nakala zote mbili zinapoharibika. Jeni yenyewe, RB1, ilipatikana mwaka 1986 na maelezo yake yakathibitika. Hiyo ndiyo sababu mtu aliyezaliwa na nakala moja mbovu huwa hatarini zaidi: kila seli yake imebakiza kinga moja tu. Pia ndiyo sababu si kila aliyerithi nakala mbovu huugua, kwa kuwa nakala ya pili inaweza kubaki nzima maisha yake yote.

Ripoti yangu inasema TP53 imebadilika. Je, ina maana saratani yangu ni kali kuliko ya wengine?

TP53 ni mojawapo ya jeni zinazozuia uvimbe. Hili ndilo swali linalowanyima wengi usingizi, na jibu lake linategemea kwanza aina ya saratani ya ovari uliyonayo. Jina hilo moja hubeba magonjwa kadhaa yanayotofautiana kwa chanzo, kwa jeni na kwa namna yanavyoitikia dawa. Inayoonekana zaidi ni saratani ya seroso ya daraja la juu (daraja hueleza jinsi seli za uvimbe zinavyotofautiana na seli za kawaida chini ya hadubini), ambayo ni takriban asilimia 70 ya saratani zote za ovari. Zipo pia seroso ya daraja la chini, endometrioidi, ya seli angavu na ya ute, pamoja na aina adimu zinazoanzia kwenye seli nyingine za ovari.

Mradi mkubwa wa Marekani wa kuchora ramani ya jeni za saratani, uliotoa matokeo yake kuhusu ovari mwaka 2011, ulisoma kwa kina jeni za uvimbe 316 wa seroso ya daraja la juu na kukuta TP53 imebadilika katika asilimia 96. Kwa maneno mengine, karibu kila mwanamke mwenye aina hii ya saratani ana badiliko hilo. Kitu ambacho karibu wote wanacho hakiwezi kumtenga atakayeishi muda mrefu na atakayeishi muda mfupi. Kwa hiyo, ukiwa na seroso ya daraja la juu na ripoti yako ikataja TP53, maabara imethibitisha aina ya ugonjwa uliokwisha kuelezwa kwamba unao. Haijakuongezea habari mbaya mpya.

Huenda umesoma mahali fulani kwamba TP53 iliyobadilika ni dalili ya maisha mafupi. Tafiti nyingi za zamani zilisema hivyo, na nyingine zikasema kinyume chake, kwa sababu zilichanganya aina zote za saratani ya ovari katika kapu moja. Seroso ya daraja la juu ina TP53 iliyobadilika na kwa kawaida hugunduliwa ikiwa imeshasambaa. Seroso ya daraja la chini mara chache sana huwa na badiliko hilo, na hukua polepole. Ukizilinganisha pamoja, TP53 itaonekana kuwa ndiyo inayoua, ilhali unachopima kwa kweli ni tofauti ya magonjwa mawili. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona jinsi mstari mmoja uliosomwa kwenye simu usiku unavyoweza kumfanya mtu aone hakuna haja ya kurudi kwa mzunguko unaofuata wa tibakemikali.

Katika aina nyingine hali ni tofauti kidogo. Kwenye saratani ya endometrioidi, TP53 iliyobadilika humfanya mtaalamu wa patholojia, yaani daktari anayechunguza nyama ya uvimbe maabara, ajiulize kama uvimbe huo kweli ni endometrioidi au ni seroso iliyojificha, na ikithibitika kuwa ni endometrioidi, badiliko hilo huendana na ugonjwa mkali zaidi. Hapo ripoti ina uzito, na inafaa daktari akueleze.

Je, TP53 iliyokutwa kwenye uvimbe wangu itawapata watoto wangu?

Kwa kawaida, hapana. Badiliko hilo karibu kila mara huzuka ndani ya seli chache za mwanamke mwenyewe akiwa mtu mzima, na halimo kwenye mayai yake ya uzazi. Wapo watu wachache sana wanaozaliwa na TP53 iliyoharibika, na katika koo zao huonekana saratani za utotoni, za mifupa, za ubongo, za tezi za juu ya figo na za matiti katika umri mdogo. Historia ya namna hiyo ikiwepo, mwambie daktari.

Na kama ripoti inataja BRCA1 au BRCA2?

Hapo suala la kurithi huwa na uzito mkubwa. BRCA1 iko kwenye kromosomu (kifurushi cha DNA ndani ya seli) ya 17 na ilipatikana mwaka 1994. BRCA2 iko kwenye kromosomu ya 13 na ilipatikana mwaka 1995. Zote mbili hushiriki kukarabati DNA iliyokatika pande zote mbili kwa wakati mmoja, yaani ule mkato ulio mgumu kuliko yote kuunganishwa bila kosa. Kwenye seroso ya daraja la juu, takriban uvimbe mmoja kati ya mitano huwa na badiliko katika mojawapo ya jeni hizi, na mara nyingi mwanamke huwa amezaliwa nalo.

Watu wengi huchukulia kwamba kurithi jeni mbovu kunafanya ugonjwa wenyewe uwe mbaya zaidi. Takwimu zinaonyesha kinyume chake, angalau kwa miaka ya mwanzo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2012, uliounganisha tafiti 26 na wanawake karibu 3,900 wenye saratani ya ovari, ulikuta kwamba baada ya miaka 5 walikuwa hai asilimia 36 ya wasio na badiliko, asilimia 44 ya wenye badiliko la BRCA1 na asilimia 52 ya wenye badiliko la BRCA2. Sababu inaeleweka vizuri. Dawa za platinamu, kama kaboplatini, hushambulia DNA ya seli ya saratani kwa kufunga nyuzi zake pamoja. Seli isiyo na BRCA inayofanya kazi haiwezi kukarabati jeraha hilo, hivyo hufa kwa urahisi zaidi. Udhaifu uleule ulioifanya seli igeuke saratani ndio unaoifanya ishindwe kuihimili dawa.

Lakini faida hiyo haidumu kwa kiwango kilekile. Wanawake walipofuatiliwa kwa miaka 10, tofauti ilipungua, na kwa wenye BRCA1 haikuonekana tena. Kwa hiyo mgonjwa mwenye badiliko la BRCA ana sababu ya kutarajia kwamba tiba ya mwanzo itamfaa, na ana sababu hiyohiyo ya kutoacha kliniki za ufuatiliaji baada ya kujisikia vizuri.

Dawa za kuzuia PARP ni zipi, na zinahusianaje na jeni hizi?

PARP ni kimeng'enya kinachosaidia seli kukarabati majeraha madogo ya DNA. Kikizuiwa, majeraha madogo hugeuka makubwa. Seli yenye afya huyamudu kwa kutumia BRCA. Seli ya saratani iliyopoteza BRCA haina njia ya pili, nayo hufa. Olaparibu, ambayo ni vidonge, iliruhusiwa nchini Marekani mwezi Desemba mwaka 2014 kwa wanawake wenye saratani ya ovari na badiliko la BRCA, na baadaye zikafuata nyingine za kundi hilo.

Matokeo makubwa zaidi yalitoka kwenye jaribio liitwalo SOLO1, lililohusisha wanawake 391 wenye ugonjwa uliosambaa na badiliko la BRCA, ambao uvimbe wao ulikuwa umepungua au kutoweka baada ya tibakemikali ya kwanza. Waliopewa olaparibu kwa muda wa hadi miaka 2 walipunguziwa hatari ya ugonjwa kurudi au kufariki kwa asilimia 70 wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Baada ya miaka 7, asilimia 67 ya waliotumia dawa walikuwa hai, dhidi ya asilimia 46.5 ya kundi la pili. Katika ugonjwa ambao kwa miongo mingi ulirudi kwa wengi ndani ya miaka michache, hizo ni namba za kutia moyo kweli.

Zipo tahadhari mbili. Dawa hizi hupunguza damu, huleta uchovu na kichefuchefu, na kwa wagonjwa wachache huhusishwa na saratani ya damu miaka ya baadaye, hivyo kipimo cha wingi wa damu hufanywa mara kwa mara. Pia faida yake ni kubwa zaidi kwa wenye badiliko la BRCA, hupungua kwa wenye kasoro nyingine za ukarabati wa DNA, na ni ndogo zaidi kwa wasio na kasoro hiyo. Bei yake ni mzigo mzito kwa familia nyingi za hapa. Kabla ya kuuza kiwanja au kuchangishana, muulize daktari bingwa wa saratani kama jeni za uvimbe wako zinaonyesha kwamba dawa hiyo itakufaa, na uulize bima yako inagharimia nini.

Kwa nini dawa iliyofanya kazi vizuri mara ya kwanza huacha kufanya kazi?

Sababu mojawapo inatokana na jeni hizihizi. Chini ya shinikizo la dawa, seli chache za saratani zinaweza kupata badiliko jipya ndani ya BRCA linalorekebisha lile la kwanza, na ukarabati wa DNA ukarejea. Platinamu na dawa za kuzuia PARP hupoteza nguvu kwa pamoja, kwa kuwa zote zilikuwa zikitumia mlango mmoja. Uvimbe mwingine haukuwa na BRCA iliyovunjika tangu mwanzo: jeni ilikuwa nzima lakini imezimwa kwa kemikali zilizoshikamana na sehemu yake ya kuanzia. Seli huweza kuifungua tena, na pengine ndiyo maana hali hiyo ya BRCA1 haijaonyesha kuongeza maisha kama inavyofanya BRCA iliyovunjika kweli.

Je, kuna jeni nyingine zinazobadili mwelekeo wa ugonjwa?

Zipo. Katika seroso ya daraja la juu, jeni za RB1, NF1 na PTEN mara nyingine huvunjwa vipandevipande wakati kromosomu zinapokatika na kuungana ovyo, na kuvunjika huko ni mojawapo ya njia ambazo seli hutumia kuhimili tibakemikali. Kuhusu RB1 kuna jambo la kushangaza: wanawake walioishi zaidi ya miaka 10 na ugonjwa uliosambaa walipochunguzwa, ilionekana kwamba uvimbe uliopoteza BRCA na RB1 kwa pamoja ulikuwa miongoni mwa iliyoendana na maisha marefu sana. Kupoteza jeni ya kinga ya pili, ambako mtu angetegemea kuzidishe hatari, katika mchanganyiko huo huendana na kinyume chake. Ndiyo maana sikubaliani kabisa na desturi ya kutafsiri ripoti kwa kuhesabu majina ya jeni, kana kwamba majina manne ni mabaya maradufu kuliko mawili.

Ukiona CCNE1 imezidi, fahamu kwamba hiyo haimo katika kundi la jeni zinazozuia uvimbe. Ni ya kundi linalosukuma seli igawanyike. Inatajwa hapa kwa sababu uvimbe wenye nakala zake nyingi mara nyingi huitikia platinamu kwa shida.

Kwenye saratani ya seli angavu, jeni inayobadilika sana ni ARID1A, ambayo hukutwa imeharibika katika karibu nusu ya uvimbe wa aina hiyo na katika takriban theluthi moja ya endometrioidi. Aina hizi mbili huhusishwa na endometriosisi, yaani ule ugonjwa wa ukuta wa mfuko wa uzazi kuota nje ya mahali pake. Kuhusu muda wa kuishi, tafiti za ARID1A zimepingana, na kwa sasa haitumiki kuamua tiba ya kawaida. SMARCA4 ni habari nyingine: kupotea kwake ndiko kunakosababisha saratani adimu ya seli ndogo inayopandisha kalsiamu kwenye damu, inayowapata zaidi wasichana na wanawake vijana, nayo ni kali sana. Kwa mgonjwa wa aina hiyo, kila wiki ya kuchelewa ina uzito.

Kama jeni hazisemi yote, ni nini kinachoamua zaidi?

Hatua ya ugonjwa unapogunduliwa ndiyo ya kwanza. Kwa takwimu za Marekani, ugonjwa ulioishia kwenye ovari huacha zaidi ya wanawake 9 kati ya 10 wakiwa hai baada ya miaka 5. Uliosambaa mbali huacha takriban 3 kati ya 10. Cha pili ni upasuaji: je, daktari aliweza kuondoa uvimbe wote unaoonekana kwa macho, au palibaki vipande? Mgonjwa ambaye hakubakiziwa kitu ana matumaini makubwa zaidi, hata kama ilimbidi kuanza na mizunguko mitatu ya tibakemikali ili uvimbe upungue kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Cha tatu ni jinsi ugonjwa unavyoitikia dawa za tibakemikali kaboplatini na paklitakseli, na muda unaopita kabla haujarudi. Vinafuata umri, lishe, wingi wa damu na magonjwa mengine aliyonayo mgonjwa.

Tumbo linalojaa na kubaki limejaa, kushiba haraka, maumivu ya nyonga na kukojoa mara kwa mara ni dalili zinazochukuliwa kirahisi kuwa gesi, vidonda vya tumbo au UTI. Mwanamke aliyevuka miaka 40 ambaye dalili hizo zimemkaa kwa wiki kadhaa bila nafuu anapaswa kuomba kipimo cha utrasaundi ya nyonga, na asikubali kuandikiwa dawa za vidonda vya tumbo mara ya tatu.

Kipimo cha jeni hufanywaje, na ni kilekile cha vinasaba kinachofanywa kwa Mkemia Mkuu?

Sivyo. Kipimo kinachofahamika na wengi, cha kutambua baba wa mtoto, hulinganisha alama za vinasaba kati ya watu wawili na hakisomi kama BRCA1 ni nzima. Vipimo vya saratani ni vya namna tatu. Cha kwanza na cha bei nafuu zaidi ni imunohistokemia, ambapo kipande chembamba cha uvimbe hutiwa rangi inayoonyesha protini ya p53, ile inayotengenezwa na jeni ya TP53. Rangi ikikolea karibu kila seli, au ikikosekana kabisa, huashiria kwamba TP53 imebadilika; ikitawanyika hapa na pale kwa viwango tofauti, jeni huenda ni nzima. Wagonjwa wengi hushangaa kusikia kwamba kukosekana kabisa kwa rangi nako ni dalili ya badiliko. Cha pili ni kusoma jeni za uvimbe wenyewe. Cha tatu ni kusoma jeni ulizozaliwa nazo, kwa damu au mate.

Kipimo cha uvimbe pekee hakitoshi kusema kama badiliko la BRCA ni la kurithi, na kipimo cha damu pekee kinaweza kukosa badiliko lililozuka ndani ya uvimbe. Inapowezekana, vyote viwili hufanywa. Si kila kipimo hufanyika kila mahali, na baadhi ya sampuli husafirishwa nje ya nchi. Waulize wataalamu wanaokuhudumia, iwe Taasisi ya Saratani Ocean Road, Hospitali ya Taifa Muhimbili au hospitali binafsi, sampuli itapelekwa wapi, majibu yatachukua muda gani, na nani atayasoma pamoja nawe.

Hapa kuna jambo ambalo ndugu wanaweza kulisaidia sana. Nyama iliyotolewa inapaswa kuwekwa mapema kwenye formalini (kimiminika cha kuhifadhia) ya kutosha, na isikae humo kwa majuma. Ikichelewa kuhifadhiwa huoza, na ikikaa mno DNA yake hukatikakatika kiasi kwamba jeni hazisomeki. Ukikabidhiwa kopo la sampuli ulipeleke maabara, lipeleke siku hiyohiyo, na uhakikishe jina na tarehe vimeandikwa. Baada ya hapo maabara huihifadhi nyama kwenye kipande cha nta, na kipande hicho kinaweza kupimwa hata miaka mingi baadaye, kwa hiyo tunza namba yake kama unavyotunza cheti cha kuzaliwa.

Ripoti inasema badiliko langu "halijajulikana maana yake". Nifanye nini?

Usilichukulie kuwa ni ugonjwa wala kuwa ni salama. Maana yake ni kwamba herufi moja ya jeni yako inatofautiana na ya wengi, na wataalamu hawajapata ushahidi kama tofauti hiyo inaiharibu jeni. Majibu ya namna hii huwapata zaidi watu wa asili ya Afrika, kwa kuwa hazina kubwa za jeni duniani zilijengwa kwa sampuli za watu wa asili ya Ulaya. Ovari haziondolewi kwa sababu ya jibu kama hili peke yake. Ulizia tena baada ya mwaka mmoja au miwili, kwa maana mengi hatimaye huonekana kuwa ni tofauti za kawaida.

Daktari ananiuliza historia ya ukoo. Nimweleze nini?

Mweleze kwa uangalifu kuliko tunavyozoea kuzungumza. Kwetu, dada anaweza kuwa wa tumbo moja au binti wa mama mkubwa, na mama mdogo anaweza kuwa mke wa baba mdogo ambaye hamna damu moja. Kwa suala hili tofauti hizo zina maana kubwa, hivyo taja nani amezaliwa na nani. Taja upande wa baba pia: badiliko la BRCA hupitia kwa wanaume kama linavyopitia kwa wanawake, na shangazi aliyeugua saratani ya titi akiwa na miaka 38 ni habari muhimu sawa na ya mama mkubwa. Uliza wazee kuhusu bibi ambaye "tumbo lilijaa maji" hadi akafariki, au aliyesemekana kurogwa kwa kuwa alivimba bila kuwa mjamzito. Wengi wa wanawake hao hawakuwahi kupimwa, na maelezo hayo ndiyo yote yaliyosalia.

Tofauti na seli mundu, ambapo mtoto huugua akirithi jeni kutoka kwa wazazi wote wawili, nakala moja mbovu ya BRCA kutoka kwa mzazi mmoja inatosha kumweka mtu hatarini. Kila mtoto wa mzazi mwenye badiliko ana uwezekano wa asilimia 50 wa kulirithi, awe wa kike au wa kiume, na wavulana nao wanapaswa kuambiwa, kwa kuwa BRCA2 hasa huwaongezea hatari ya saratani ya tezi dume.

Nimekutwa na badiliko la BRCA lakini siumwi. Je, nipime CA-125 kila mwaka?

Kipimo hicho, cha protini iliyo kwenye damu, hakijaonyesha kuokoa maisha kinapotumiwa hivyo. Jaribio kubwa la Uingereza lililohusisha wanawake zaidi ya 200,000 wa kawaida, ambalo matokeo yake ya mwisho yalitolewa mwaka 2021, lilionyesha kwamba kupima CA-125 na utrasaundi kila mwaka hakukupunguza vifo vya saratani ya ovari. Utafiti mwingine uliowafuatilia maelfu ya wenye badiliko ulikadiria kwamba, hadi kufikia umri wa miaka 80, takriban asilimia 44 ya wenye BRCA1 na asilimia 17 ya wenye BRCA2 hupata saratani ya ovari, ilhali kwa wanawake wote kwa jumla ni kati ya asilimia 1 na 2.

Kinachofanya kazi ni kuondoa ovari pamoja na mirija ya uzazi baada ya kumaliza kuzaa, kwa kawaida kati ya miaka 35 na 40 kwa BRCA1 na kati ya 40 na 45 kwa BRCA2. Hatari hupungua kwa takriban asilimia 80. Mirija lazima itolewe pia, kwa sababu sasa inafahamika kwamba saratani nyingi za seroso ya daraja la juu huanzia kwenye ncha za mirija hiyo, na ndipo badiliko la TP53 huonekana mapema kabisa, kabla ovari hazijaguswa. Upasuaji huu huleta ukomo wa hedhi ghafla, pamoja na joto la mwili, ukavu ukeni na kudhoofika kwa mifupa, na uamuzi wake hauwezi kuharakishwa na mume, mkwe wala daktari. Kwa ambaye bado anataka watoto, vidonge vya uzazi wa mpango hupunguza hatari ya saratani ya ovari, lakini mwenye badiliko la BRCA lazima azungumze kwanza na daktari kuhusu saratani ya titi.

Daktari amekataa kuniambia nina miaka mingapi. Anaficha?

Huenda haufichi ukweli wowote. Takwimu za kuishi huhesabiwa kwa makundi ya watu waliotibiwa miaka iliyopita, wengi wao katika nchi nyingine na kabla ya dawa za sasa, na mgonjwa mmoja anaweza kuangukia popote ndani ya kundi. Lakini una haki ya kujua zaidi, na swali linalojibika kirahisi ni hili: "Kwa wanawake wenye aina hii, hatua hii na upasuaji kama wangu, wengi huwaje, na wale wanaofanya vizuri zaidi huwaje?" Ukitaka ndugu asikie jibu hilo pamoja nawe, mwite mwenyewe. Isiwe familia imejua kabla yako.

Mama alifariki kabla ya kupimwa. Je, sisi wanawe tunaweza kujua?

Inawezekana. Waulizeni waliomfanyia upasuaji kama kipande chake cha nta bado kipo maabara; kikiwepo, kinaweza kusomwa, na badiliko la BRCA likionekana humo, mtapimwa damu ninyi kwa badiliko hilohilo. Likipatikana kwa mmoja na lisipatikane kwa mwingine, yule wa pili anaweza kutulia kwa uhakika kwamba hakurithi hatari hiyo. Kipande kisipokuwepo, aanze kupimwa ndugu wa damu ambaye amewahi kuugua saratani ya ovari au ya titi, kama yupo hai. Mkipimwa ninyi wazima peke yenu na majibu yakawa hayana badiliko, mwambieni daktari kwamba badiliko la mama halikuwahi kutambuliwa, kwa kuwa jibu hilo haliondoi uwezekano kwamba yeye alikuwa na jeni nyingine ambayo kipimo chenu hakikuisoma, na wasichana wa familia waendelee kuhesabiwa kuwa na historia ya ukoo.